Kufuli janja limeondoa udhaifu upi wa kufuli la ufunguo? Tujadili kwa ushahidi

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Mijadala mingi inayolinganisha kufuli janja, yaani lile linalofunguliwa kwa simu au kwa alama ya kidole, na kufuli la kawaida la ufunguo huishia kwenye suala la urahisi: nani atapoteza ufunguo, nani atasahau namba ya siri. Suala la usalama huguswa juujuu, kana kwamba kitu chenye saketi ndani yake lazima kiwe imara kuliko kitu chenye pini na springi. Msimamo wangu ni kwamba kufuli janja halijaondoa udhaifu wowote wa msingi wa kufuli la zamani. Bado ni kiwiliwili cha chuma, upinde unaopita kwenye tumbuu, na ulimi unaoushikilia upinde huo usichomoke. Kilichofanyika ni kuongezewa redio, programu, seva na betri, na kila kimoja kati ya hivyo kimekuja na njia yake ya kuingilia.

Nianze na la zamani, kwa sababu sikusudii kulipamba. Silinda yenye pini, ambayo Linus Yale mdogo aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1861 na tena 1865, inafuata wazo lililokuwapo tangu Misri ya kale katika vitasa vya mbao: vijiti huanguka kwa uzito wao na kulizuia komeo lisisogee, mpaka ufunguo uviinue kwa kimo kinachotakiwa. Udhaifu wake unatokana na jambo moja dogo, nalo ni kwamba hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu yaliyolingana kikamilifu. Mtu akiibana silinda kidogo, kama anayetaka kuizungusha, pini moja hukwama kabla ya wenzake. Kwa hiyo anaweza kuziinua moja baada ya nyingine kwa kijiti cha chuma, badala ya kulazimika kuzipatia zote kwa pamoja. Ipo pia njia ya kipuuzi zaidi. Ikiwa ulimi unaoshikilia upinde unasukumwa na springi, kipande chembamba cha bati kilichokatwa kwenye kopo la kinywaji huweza kuteremshwa kando ya upinde na kuurudisha ulimi nyuma, bila silinda kuguswa hata kidogo. Makufuli bora huzuia hila hiyo kwa kutumia gololi mbili za chuma mahali pa ulimi wa springi, kwa maana gololi hizo haziwezi kurudi nyuma mpaka silinda yenyewe izunguke.

Sasa tuje kwenye kufuli janja. Mfano unaotajwa sana ni Tapplock One, na unastahili kutajwa. Kila kifaa cha aina hii hujitangaza hewani kwa anwani yake ya Bluetooth yenye biti 48, ili simu ya mwenyewe ikione. Juni 2018 watafiti wa kampuni ya Pen Test Partners ya Uingereza walionyesha kwamba kufuli hilo lilitengeneza ufunguo wake wa siri kutokana na anwani hiyohiyo, kwa kuipitisha kwenye fomula ya MD5, inayogeuza data yoyote kuwa mfululizo wa tarakimu na herufi, na kuchukua sehemu ya jibu. Fomula ilikuwa ndani ya programu ya simu, ambayo yeyote angeweza kuipakua na kuifumua. Ni sawa na mtu aliyeandika namba yake ya siri mlangoni kwa mafumbo, kisha akaacha ufumbuzi wa mafumbo hayo kizingitini. Kulifungua kulichukua chini ya sekunde mbili.

Hayo hayakuwa yote. Aliyewahi kupewa ruhusa ya muda angeweza kunasa data iliyotumwa siku hiyo na kuendelea kulifungua hata baada ya kunyang'anywa ruhusa. Mtafiti mwingine, siku chache baadaye, aligundua kwamba seva ya kampuni ilimruhusu mwenye akaunti yoyote kuona taarifa za akaunti nyingine, pamoja na mahali kufuli lilipokuwa mara ya mwisho. Katika video iliyosambaa mwaka huohuo, mtu mmoja alibandika kishikio cha kamera kwenye kifuniko cha nyuma, akakizungusha mpaka kikatoka, kisha akamaliza kazi kwa bisibisi. Kampuni ilijibu kwamba kufuli lile lilikuwa na hitilafu ya kiwandani. Aprili 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani (FTC) ilitangaza makubaliano na kampuni hiyo, baada ya kuishtaki kwamba ilijinadi kuwa na kufuli lisilovunjika huku ikiwa haikuchukua hatua za kutosha kulilinda.

Asije mtu akasema hilo ni tukio la kampuni moja. Agosti 2016, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza jinsi walivyojaribu makufuli na vitasa 16 vya Bluetooth na kufanikiwa kufungua 12 kwa njia ya redio. Baadhi vilituma nywila hewani jinsi ilivyo, bila kufichwa, hivi kwamba mwenye antena alihitaji kusikiliza tu. Vingine viliifunga nywila kwa usimbaji fiche lakini vilikubali kusikia ujumbe uleule kwa mara ya pili. Mwizi hakuwa na haja ya kuuelewa, aliurekodi na kuurudia.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii: anayechokonoa kufuli la ufunguo lazima awe na ustadi, na ustadi huo lazima autumie upya kwa kila kufuli. Kasoro ya programu hugunduliwa na mtu mmoja, kisha ikawa mali ya kila mwenye simu, kwa makufuli yote ya aina hiyo, siku hiyohiyo.

#2 Mchangiaji (fundi wa vitasa)

Mleta uzi, nakushukuru kwa uchambuzi, lakini aya yako ya mwisho umeiandika kwa haraka. Sisi mafundi tumeishi na kasoro zinazoangusha aina nzima ya kufuli tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kufikiria Bluetooth.

Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua, kwa takriban dakika 25, kitasa cha Chubb kilichosifiwa kuwa hakichokonoleki. Kisha akakiendea kitasa cha Bramah, ambacho kilikuwa kimewekwa dirishani pa duka kwa miongo mingi pamoja na ahadi ya gini 200 (fedha ya Uingereza ya enzi hizo) kwa atakayekishinda, naye akakishinda kwa saa 51 za kazi zilizosambazwa katika siku 16. Mwaka 2004 ilidhihirika kwamba kufuli la baiskeli la Kryptonite lenye silinda ya duara lingeweza kufunguliwa kwa bomba la kalamu ya plastiki, na kampuni ikalazimika kubadilishia wateja mamia ya maelfu ya makufuli. Hapakuhitajika ustadi wowote, mtoto angeweza. Tena, mwaka 2014 gazeti moja la Marekani lilichapisha picha ya funguo za jumla zinazotumiwa na wakaguzi wa mizigo wa TSA katika viwanja vya ndege, na kufikia 2015 watu walikuwa wamezichora upya kwenye kompyuta na kuzichapisha kwa mashine za 3D. Picha moja tu ilitosha kuvitia doa makufuli yote ya masanduku ya aina hiyo.

Hata kufuli la namba halikusalimika: mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha njia ya kupata namba za kufuli la kuzungusha la Master Lock kwa majaribio yasiyozidi manane, kwa kupapasa mahali gurudumu linapokwama. Kwa hiyo kusema kwamba chuma hudukuliwa kimoja kimoja si sahihi.

Naongeza hoja ambayo huenda ikakufurahisha zaidi. Makufuli janja mengi niliyoyafungua mezani yana tundu la ufunguo lililofichwa chini ya kifuniko cha mpira, kwa ajili ya dharura. Silinda iliyowekwa hapo mara nyingi ni ya daraja la chini kabisa, kwa sababu nafasi na fedha vyote vimeelekezwa kwenye saketi. Mteja anadhani amenunua kitu cha kisasa, kumbe ningelifungua kwa kijiti kabla hajamaliza kuwasha simu. Yale yasiyo na tundu nayo yana mota ndogo inayozungusha kipande cha ndani kinachouzuia ulimi; ikiwa mota hiyo imekaa karibu na ganda jembamba na hakuna kikinga, sumaku yenye nguvu inayozungushwa nje huweza kuizungusha nayo. Na ganda lenyewe aghalabu ni la aloi ya zinki, kwa sababu chuma kizito hugharimu zaidi kuchongwa. Zinki hupasuka kwa nyundo pale ambapo chuma kilichokomazwa kingeacha alama tu.

#3 Mleta uzi

Fundi, nimekuelewa, na kuhusu kalamu ya Kryptonite nakiri kwamba nilisema kupita kiasi. Hata hivyo, naomba nibakize sehemu ya hoja yangu. Mwenye kalamu alilazimika kusimama mbele ya baiskeli, akainama, akahangaika na kufuli mbele za watu. Mwenye simu anaweza kukaa hatua kadhaa mbali, akiwa na sura ya mtu anayesoma ujumbe, na kufuli likafunguka bila mkwaruzo. Zaidi ya hapo, kitasa cha Bramah hakikuwa na orodha ya wateja wake mahali popote. Kufuli ambalo seva yake inaweza kumweleza mgeni kwamba lipo wapi na ni la nani limemfanyia mwizi ile kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, nayo ni kutafuta pa kuiba.

Suala la ushahidi nalo lina uzito wake. Kijiti huacha mikwaruzo midogo kwenye pini, ambayo mtaalamu huiona kwa hadubini. Mkasi wa chuma huacha upinde uliokatwa. Ufunguo wa redio ulioigwa hauachi kitu, na kumbukumbu ya kufuli, kama ipo, itaandika kwamba aliyefungua ni mwenyewe. Hebu fikirieni mtu akijaribu kumweleza mtu wa bima kwamba mali yake imeibwa ilhali rekodi zinaonyesha mlango ulifunguliwa kwa akaunti yake.

#4 Mchangiaji (mtayarishaji programu)

Naomba nisaidie upande wa redio, maana watu wakisikia usimbaji fiche hudhani mjadala umefungwa.

Kanuni ya kufungua kufuli kwa usalama haina siri. Kufuli hutoa namba ya nasibu ambayo haijawahi kutumika. Simu huichanganya namba hiyo na ufunguo wa siri wanaoujua wao wawili tu. Kufuli hufanya hesabu ileile na kulinganisha jibu. Anayesikiliza hawezi kuurudia ujumbe huo kesho, kwa sababu kesho namba itakuwa nyingine. Mambo haya yamo katika vitabu kwa miongo mingi. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa jinsi unavyofanya kazi, bali ufunguo peke yake. Hobbs, ambaye fundi amemtaja, alitetea jambo linalofanana na hilo kwa upande wa vitasa: kujadili kasoro hadharani hakuwafundishi wezi chochote, kwa kuwa wao wanazijua tayari. Mtengenezaji aliyechukua anwani ya Bluetooth na kuifanya ufunguo hakushindwa na teknolojia. Alitegemea kwamba hakuna atakayechungulia.

Lakini hata hesabu ikiwa sahihi, mlango mmoja hubaki wazi, nao ni wa kupokezana mawimbi. Mwizi mmoja husimama karibu na kufuli, mwenzake karibu na simu ya mwenye mali, na vifaa vyao viwili hupitisha ujumbe kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuubadilisha. Kufuli huamini kwamba simu ipo hapo. Mei 2022 kampuni ya NCC Group ilionyesha shambulio la namna hii dhidi ya Bluetooth ya nishati ndogo, ikafungua gari la Tesla Model 3 na kitasa cha Kwikset Kevo. Hapo usimbaji haukuvunjwa hata chembe. Kinga ya kwanza ni kukataa kufuli linalojifungua lenyewe kwa kukaribiwa na simu, na kulazimisha mwenye simu abonyeze kitu kila mara.

Kisha kuna suala la masasisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya F-Secure ilitangaza udhaifu katika kitasa cha KeyWe uliowezesha kunasa ufunguo hewani, na ikaeleza kwamba programu ya ndani ya kitasa hicho haikuwa na njia ya kusasishwa. Aliyekuwa nacho alikuwa na chaguo mbili tu: kukibadilisha au kuishi na kasoro hiyo. Kinyume chake, Agosti 2017 kampuni ya LockState ilituma sasisho lililokusudiwa modeli nyingine, na takriban vitasa 500 vikaacha kufanya kazi kwa njia ya namba. Wenyewe wakatakiwa kuvirejesha au kusubiri vingine. Kwa hiyo bila sasisho umekwama na kasoro, na kwa sasisho umemkabidhi mtu mwingine uwezo wa kulifanya kufuli lako kuwa kipande cha chuma. Kwa ufunguo wa pini, hakuna mtu aliye mbali anayeweza kukufanyia lolote kati ya hayo.

#5 Mchangiaji

Wakuu, naheshimu utaalamu wenu, ila mbona mnamchukulia mwizi kuwa msomi? Mwizi ninayemfahamu mimi huja na mkasi wa kukatia chuma au grenda ya betri. Upinde mwembamba hukatwa kwa mkasi wa mkono, upinde mnene hukatwa kwa grenda, na kama upinde umekuwa mgumu sana hung'oa tumbuu kwa mtaimbo. Bluetooth ya nini?

#6 Mchangiaji (fundi wa vitasa)

Ndugu wa hapo juu, umesema kweli, na ndiyo maana mtu anapaswa kuuliza unene wa upinde kabla ya kuuliza habari za simu. Kiwango cha Ulaya cha EN 12320 hupima makufuli kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6, kwa majaribio ya kuvuta, kukata, kusokota, kugonga na kutoboa. Kufuli la ufunguo la mtengenezaji makini huandikwa daraja lake. Kufuli janja lenye daraja lililoandikwa lipo, lakini ni nadra. Mengi yameandikwa idadi ya alama za vidole yanazoweza kukumbuka, jambo ambalo halizuii mkasi.

Ila usiudharau udukuzi kwa sababu hiyo. Grenda hupiga kelele na kurusha cheche, na hakuna anayeitumia mahali penye watu bila kuonekana.

#7 Mchangiaji

Mimi nililinunua moja, la alama ya kidole, kwa ajili ya lango. Sitalitaja jina. Miezi ya kwanza lilifanya kazi vizuri, baadaye nikagundua kwamba kidole kilicholowa au chenye vumbi hakitambuliki, kwa hiyo nikaanza kutegemea simu. Kisha programu ya simu ikaondolewa sokoni bila tangazo. Nilipobadilisha simu sikuweza kuiweka upya, na kufuli likabaki na alama ya kidole peke yake, ambayo nayo ilikufa pamoja na betri asubuhi moja ya mvua, kwa sababu tundu la kuchajia lilikuwa limeingia maji. Nilikodi mtu mwenye grenda. Alimaliza kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumweleza tatizo.

Hakuna aliyenidukua, lakini kwangu hilo nalo ni suala la usalama: kufuli linalomzuia mwenyewe lina kasoro sawa na lile linalomruhusu mgeni.

#8 Mchangiaji (msimamizi wa maghala)

Nimesoma yote kwa makini na bado nitaendelea kutumia makufuli janja katika sehemu ya kazi yangu, nieleze sababu. Nina watu wengi wanaoingia na kutoka kwa zamu. Kwa ufunguo wa chuma, kila anayeacha kazi ananiachia swali: je, alichonga nakala? Ufunguo huchongwa kwa dakika chache, na mwenye picha yake nzuri hahitaji hata kuushika. Jibu pekee la uhakika ni kubadilisha silinda zote. Vilevile, mfumo wa ufunguo mkuu una tatizo lake: tangu 2003 mtafiti wa usalama Matt Blaze alipochapisha uchunguzi wake, inajulikana kwamba mwenye ufunguo wa mlango mmoja pamoja na kitasa chake anaweza kukisia ufunguo mkuu wa jengo zima kwa kujaribu kata moja baada ya nyingine. Kwa kufuli janja ninafuta jina, basi. Na ninaona nani aliingia saa ngapi.

Mwizi wangu wa uwezekano mkubwa ni mtu anayenijua. Dhidi yake, kumbukumbu ya maingizo inanifaa kuliko unene wa upinde.

#9 Mleta uzi

Msimamizi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa upande huo, na sina cha kuipinga isipokuwa sharti moja: jina likifutwa liwe limefutwa kweli. Katika kisa cha Tapplock, jina lilifutwa kwenye skrini wakati ufunguo uliobaki kwa mtu uliendelea kufanya kazi. Jambo hilo unaweza kulijaribu mwenyewe. Mpe mwenzako ruhusa, afungue mara moja, azime intaneti ya simu yake, kisha mwondolee ruhusa kwako na umwambie ajaribu tena akiwa bado hana intaneti. Likifunguka, basi ruhusa yako inaishi kwenye simu yake wala si kwenye kufuli, na inafaa uulize itakufa lini.

Kwa walioniuliza faraghani nipendekeze nini: kwa lango la nje, ambalo mtu anaweza kulifikia usiku bila kuonekana, mimi natumia kufuli la pini lenye gololi mbili, upinde mfupi uliokomazwa na mabega ya chuma yanayouzingira ili mkasi usipate pa kushika. Kwa kabati la vifaa lililo ndani, ambamo watu sita wanaingia, nina kufuli janja linalohitaji kubonyezwa kwenye simu na lisilo na tundu la ufunguo wa dharura. Kabla ya kulinunua nilisoma muda ambao mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho. Nchini Uingereza sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inawalazimu watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa mtandaoni kuutaja muda huo, na kuwakataza kutoa vifaa vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote au nywila rahisi kukisiwa. Taarifa hiyo ikikosekana kabisa kwa mtengenezaji, mimi hulirudisha boksi rafuni.

Fundi, nina swali kwako: lile jaribio la sumaku, je, umelifanya kwa makufuli yenye ganda la chuma pia, au ni yale ya zinki pekee?

#10 Mchangiaji (fundi wa vitasa)

Nimelifanya kwa yote. Ganda la chuma hupunguza nguvu ya sumaku kwa kiasi kikubwa, kwa maana chuma huuvuta uga wa sumaku na kuupitisha pembeni. Zinki na alumini haziupunguzi. Kwa hiyo, ukiwa dukani, chukua sumaku ndogo na uibandike kwenye mgongo wa kufuli. Ikidondoka, ganda hilo si chuma cha kawaida, na mota iliyo nyuma yake imejificha nyuma ya kitu ambacho sumaku haikioni.